Kichwa cha Samaki Chini ya Kawa

Mocímboa da Praia,
Alhamisi, baada ya adhuhuri

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, Mama. Mwanao ni mzima wa mwili, nala na kulala, na naomba barua hii ikukute umeamka bila yale maumivu ya goti. Bado linakusumbua ukipanda kile kilima cha Mikindani na beseni la vitumbua? Mwambie Baba mdogo Saidi akubebee mpaka juu, miguu yake haina kazi nyingine asubuhi. Na Bibi je, anakula? Anauliza bado ni lini tunarudi kwetu, au ameacha?

Barua hii naileta kwa mkono wa Mama Salima, yule muuza vitenge anayevuka Ruvuma. Ningeweza kupiga simu, lakini mtandao wa hapa unakuja na kuondoka, na jambo lenyewe si la kusemwa kwa sauti uani huku watu wanaanika nguo. Isome mwenyewe, polepole, ukiwa umekaa.

Najua unachongoja. Baba mdogo anataka hitima ya Zaina isomwe kabla ya Ramadhani, na sheikh amekwisha kumwambia kwamba muda uliopita unatosha. Wewe ukasema haisomwi mpaka Anifa atoe neno lake, kwa sababu Anifa ndiye aliyerudi kule, ndiye anayeuliza. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nimesimama nyuma ya choo cha shule, nikaurudia, kisha nikanyamaza. Nisamehe kwa kunyamaza huko. Sasa neno ninalo. Ila nataka kwanza ujue limetoka wapi, usije ukadhani nimechoka kumtafuta mdogo wangu.

Nianze na shule, maana nayo uliniuliza.

Siku ya kwanza nilivaa sketi ya buluu na shati jeupe kama wenzangu. Mlinzi wa getini akanizuia. "Mzazi," akaniambia kwa adabu kabisa, "mkutano wa wazazi ni Jumamosi." Nikamwambia mimi ni mwanafunzi, mwaka wa kwanza, umeme. Akaitazama sketi, akanitazama uso, akafungua geti. Nilipoingia darasani ndio balaa. Wote waliinuka kwa pamoja kumwamkia mwalimu, "Bom dia, senhora professora!" Nikapita katikati yao nimeshika begi langu kifuani mpaka dawati la nyuma, nikakaa. Kisha mtu mmoja akacheka, na darasa zima likafuata, na mwisho nikacheka na mimi, kwani ningefanya nini? Tangu siku hiyo jina langu ni Mamã Anifa. Wana miaka kumi na sita, kumi na saba. Mimi nina ishirini na tano, na mikono iliyoharibika kwa sabuni ya kufulia kwenye kambi ya wafanyakazi Palma.

Aliyecheka wa kwanza ni Lurdes, Mmakonde wa Mueda, nalala naye chumba kimoja. Anazungumza Kiswahili kama wewe, maana alikulia Newala kwa shangazi yake. Anataka kuvaa ile ovaroli ya rangi ya chungwa na kofia ngumu, apande juu ya mitambo ya gesi apigwe picha. Kila mtu hapa anaota kazi ya gesi kule Afungi. Nilipomwambia kwamba ovaroli hizo mimi nilizifua mpaka zikanitoka puani, akasema, "Basi safari hii uvae, mwingine afue." Maneno ya mtoto, lakini niliyaweka moyoni. Ndiyo hasa ninayoyataka, Mama.

Masomo nayaweza. Nimesahau mengi, lakini yanarudi. Kisichokuwa chepesi ni kitu kingine.

Nikikaa nyuma naona visogo vyao vyote. Mitandio, nywele zilizosukwa, shingo nyembamba. Wote wana umri wa Zaina wa siku ile tuliyokimbia vita naye akatupotea. Mimi nimeongeza miaka, yeye amebaki palepale, na sasa nimewekwa darasani kati ya watu wanaolingana naye. Mmoja anauma mkia wa kalamu. Mwingine anajikuna kifundo cha mguu kwa kisigino cha pili, hivi hivi, bila kujua. Mara ngapi nimefungua mdomo kumwita! Paa la darasa ni jipya, ukuta umepigwa lipu na rangi, lakini karibu na dirisha lipu imekaa kwa mabaka, na kila mtu anajua mabaka hayo yamefunika matundu ya risasi, na hakuna anayeyasema.

Nyumbani kwetu nilikwenda. Ukuta wa mbele umesimama. Chumba tulichokuwa tukilala mimi na Zaina hakina paa, na katikati umeota mpapai, tena una matunda. Jirani mpya aliniuliza kama nataka papai. Nikasema hapana, asante.

Nimeuliza, Mama, kama nilivyokuahidi uliponiruhusu kuja. Nimeuliza sokoni, nimeuliza msikitini kwa akina mama. Wengi wananijibu kwa swali, maana nao wana mtu wao. Jibu moja tu lilikuwa na uzito, nalo sikukuandikia kwa kuogopa kukupa tumaini bovu. Bandarini, pale samaki wanaposhushwa, mama mmoja aliitazama picha ya Zaina kwenye simu yangu akasema, "Huyu mwenye kovu kwenye unyusi? Nimemwona Mucojo, anachota maji kisimani." Nikamshika mkono. Akasema ilikuwa zamani kidogo, na kwamba yeye alipita tu kununua samaki wakavu. Tangu hapo nikawa mtu anayeishi kwa neno Mucojo. Barabara ya huko si ya kwenda msichana peke yake, kwa hiyo nilikaa nikingoja mtu atokee huko.

Sasa nikuambie habari ya sahani.

Tunalala kwenye bweni la shule, watatu chumba kimoja: mimi, Lurdes, na Graça wa Nampula. Msimamizi wetu ni Dona Celeste, mjane mnene mwenye kuku wengi. Anatugawia unga, mchele na samaki, na kila chumba kinapika chake. Mimi ndiye mkubwa, basi mimi ndiye napakua. Jioni ya kwanza nilijaza sinia letu, kisha nikachukua sahani pembeni, nikaweka wali, nikaweka mchuzi, nikaweka kipande cha samaki, nikaifunika kwa lile kawa ulilonisukia. Sikufikiri. Mkono ulikwenda wenyewe, kama ulivyokuwa ukienda wako tulipokuwa tukimngoja Baba kutoka pwani. Nawe Mikindani unafanya hivyo hivyo, nakujua. Asubuhi mnakula kiporo, wewe na Bibi, na hakuna anayesema kilikuwa cha nani.

Lurdes akatazama. "Mamã, sisi ni watatu. Hii ya nne ya nani? Umri wote huo hujui kuhesabu mpaka tatu?"

"Ya mtu aliye njiani," nikasema.

"Njia ipi?"

Sikumjibu, na nikakosea kutomjibu, kwa sababu jioni ya pili nilipakua tena, na ya tatu. Graça ni mtu wa bara, Mkristo, hajui mambo ya kawa. Akaanza kulala amegeukia ukutani. Siku moja nikamsikia akimnong'oneza Lurdes, "Anamlisha jini wake. Ndiyo maana hana mume." Lurdes akasema, "Jini gani anayekula wali wa maharage? Angekwenda kwa matajiri." Wakacheka, lakini hawakuigusa sahani ile, na asubuhi nilikuwa nawapa kuku. Kuku wa Dona Celeste walinenepa. Hata yeye akaniita. "Anifa, wasichana wanasema unakula na wafu."

"Senhora, napakua tu."

Mume wake naye hakupatikana. "Basi usipakue nyingi," akasema. "Mchele umepanda bei."

Ndipo ujumbe wako wa hitima ukafika. Jioni ile Dona Celeste alitupa samaki mmoja mkubwa, tasi, nikampika kwa nazi. Kichwa kilikuwa changu kwa ukubwa wangu, kama ulivyotufundisha. Nikakiweka kwenye sahani ya Zaina, juu ya wali, pamoja na kipande cha mkia. Nikasema moyoni, leo kula wewe kichwa, mdogo wangu, halafu uniambie nimjibu nini Mama. Nikafunika. Tukaenda darasani kwa masomo ya jioni, tukarudi tumechoka, tukalala.

Alfajiri niliingia jikoni kuchota maji ya kutawadha. Kawa lilikuwa limekaa sawa. Nikalifunua.

Sahani haikuwa na wali. Haikuwa na mchuzi wala mkia wa samaki. Ilikuwa imeoshwa na kufudikizwa juu ya mkeka mdogo, na juu ya mgongo wake, kwenye kipande safi cha jani la mgomba, kimewekwa kichwa cha samaki. Kizima, hakijaguswa, kimenielekea mimi.

Mama, unajua nani alikuwa akifanya hivyo. Unakumbuka ulivyomkanya Zaina alipokuwa mdogo, kwamba kichwa si cha mtoto, kichwa ni cha mkubwa wake, naye akawa anakula kila kitu na kuniachia kichwa, hata nikichelewa kutoka shule, hata tukiwa tumegombana? Nilisimama pale na kopo la maji mkononi mpaka maji yakanimwagikia miguuni. Sikuogopa. Ningekuambia niliogopa ungeelewa, lakini sikuogopa. Nilifurahi. Hicho ndicho kinachonitisha sasa nikikumbuka. Nilirudishia kawa juu yake taratibu kama mtu anayemfunika mtoto shuka, nikaenda kuswali, na sikujua nasoma nini.

Siku nzima nilikuwa si mtu. Dona Celeste alikuwa ameshatoka kwenda bandarini kununua samaki, kwa hiyo sikuwa na wa kumuuliza, na ukweli sikutaka kuuliza. Mwalimu alitupa kazi ya kuunganisha taa mbili na swichi moja. Kazi hiyo naiweza nimefumba macho. Nikaunganisha, nikabonyeza, taa hazikuwaka. Mwalimu akainama, akafuata waya kwa kidole chake. "Anifa, huu umeuacha hewani. Haujafika popote." Lurdes akasema, "Mwalimu, jana alilala na jini wake, msamehe." Darasa likacheka. Mimi nilikuwa nikisikiliza kicheko kimoja kilichotokea karibu na mlango, nikiapa nakijua.

Jioni nilirudi bwenini peke yangu, mbele ya wenzangu. Nilikuwa nikitembea haraka, kisha polepole. Nilikuwa nimekwisha kupanga maneno ya kukujibu, Mama: usisome hitima, Zaina yupo, amekuja. Ningeandika hivyo. Nilikuwa tayari.

Kwenye kizingiti cha jiko alikuwa amekaa msichana. Mfuko wa plastiki miguuni, kanga imefungwa kifuani juu ya gauni, ndala za rangi mbili tofauti. Akainuka aliponiona.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Unamngoja nani?"

"Mkubwa wa chumba cha mwisho. Dona Celeste kasema nitalala huko. Jana nililala kwake." Akanitazama vizuri. "Ndiye wewe uliyepakua? Mbona kichwa hukukila? Nimefunua sasa hivi, sisimizi wameanza."

Nikakaa pale pale alipokuwa amekaa yeye.

"Ulikula wewe," nikasema.

Akaingiwa na hofu. "Kwani hakikuwa changu? Nilifika na lori la chumvi, watu wote mko masomoni. Senhora akaniambia ningoje jikoni ampigie simu mwalimu. Nikaona kawa. Kwetu chakula kikifunikwa ni cha mtu aliye njiani. Na aliye njiani ni mimi. Nikasema, alhamdulillahi, kumbe huku wanajua nakuja." Akaanza kufungua mfuko wake. "Nina mihogo mikavu. Nitalipa, dada, usiniseme kwa senhora."

"Na kichwa?"

"Kichwa si cha mkubwa?" Alishangaa kwamba nauliza. "Mama yangu angenipiga."

Jina lake Awa. Nikamuuliza kwao wapi, ingawa nadhani nilikwisha kujua kabla hajafungua mdomo.

"Mucojo," akasema.

Nikatoa simu. Nikampa aishike. Aliitazama picha ya Zaina kwa muda mrefu, Mama, hakuitazama kwa juu juu. Akaisogeza karibu, akaliona kovu. Nikamweleza aliyoyasema yule mama wa bandarini, msichana anayechota maji, kovu kwenye unyusi.

"Yupo mwenye kovu," akasema. "Lakini huyo ni Fatuma, binti wa mwalimu wetu wa chuo cha Kurani. Nimekua naye. Aliangukia jiwe la kusagia. Sasa ameolewa, ana mtoto." Akanirudishia simu kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha kitu kinachovunjika. "Huyu simjui, dada. Kisima chetu ni kimoja. Angekuwepo ningemjua."

Nilimwuliza mara ya pili. Akanijibu vile vile, kwa sauti ya chini zaidi. Kisha akakaa karibu nami, bega kwa bega. Baadaye ndio akaniambia kwamba mama yake yuko Montepuez kwenye mahema ya wakimbizi, na kaka zake wawili hawajulikani walipo, na kwamba yeye pia huwa anaona migongo yao kwenye malori.

Wenzetu waliporudi walitukuta tumekaa hivyo. Graça akasimama mbali. Akauliza, "Huyu ndiye?"

"Ndiye nani?" Awa akauliza.

"Wa sahani ya nne."

"Ndiye mimi," akasema Awa, na Lurdes akacheka mpaka akajishika mbavu, akamsukuma Graça mbele. "Njoo umshike mkono jini wako. Ana ndala za rangi mbili!"

Nikaingia jikoni. Nikapangusa sisimizi, nikakipasha moto kile kichwa na tui lililobaki, nikakila. Awa alisimama akinitazama mpaka nikamaliza, kama aliyekuwa na deni na sasa limekwisha. Machozi yalinitoka nikasema ni pilipili, na hakuna aliyeuliza pilipili ilitoka wapi.

Kisha nikapika. Nilipakua sinia la watu wanne. Lurdes akasema, "Leo hesabu imekaa sawa, Mamã." Mkono wangu ukarudi kwenye sufuria kuchota cha pembeni. Hakikuwa kimebaki kitu. Nikakwaruza, nikasikia upawa unagonga chini. Kawa likabaki limening'inia msumarini.

Basi neno langu ni hili, Mama. Isomwe. Mwambie Baba mdogo asome hitima, na aite watu wa mtaa, na watoto wa chuo waje. Sijachoka kuuliza. Akishuka mtu yeyote kwenye lori nitaitoa simu yangu. Na kama Zaina yu hai mahali ambapo sisi hatupajui, dua haimdhuru, siku moja atatucheka kwamba tulimsomea hitima akiwa anakaanga samaki. Lakini nimeona nilivyofurahi alfajiri ile mbele ya kichwa cha samaki. Mtu akiendelea hivyo ataacha kila waya hewani, na mimi nimerudi hapa kusoma. Wewe ndiye uliyeniambia nenda kamalize.

Mpe Bibi shikamoo yangu, umnyooshe miguu na kumkanda. Baba mdogo Saidi mwambie sikumkasirikia. Yule jirani aliyetupa kinu tulipofika Mikindani na vitu tulivyovaa tu, msalimie sana. Awa naye anakusalimu, amesema niandike hivi: "Mwambie Mama nimeshiba." Mtihani wa kwanza ni baada ya Idi. Niombee.

Jambo moja la mwisho, nalo ndilo nililokuandikia barua yote hii. Siku ya hitima mpakulie Zaina sahani yake kama kila siku, wali wa kutosha na samaki. Ila usiifunike. Toka nayo mlangoni, mtazame mtu anayepita, na umpe, ale ingali ya moto.

Mwanao akupendaye,
Anifa